Mawe ya Mirihi yanavyosomeka Matogoro

Mto Ruvuma unazaliwa katika milima ya Matogoro, kando ya mji wa Songea. Hapa ni kijito tu. Huko mbele unakuwa mpaka wa Tanzania na Msumbiji, na baada ya safari ya kilomita zipatazo 800 unamwaga maji yake Bahari ya Hindi. Mtu akiteremka na kijito kutoka mlimani, akiokota jiwe hapa na jingine kule, atakuta jambo ambalo kila fundi ujenzi wa Songea analijua kwa mikono yake. Mawe ya juu, karibu na mwamba yalikomeguka, yana kona na ncha. Kadiri anavyoshuka, ncha zinalika, kona zinapotea, na jiwe linakuwa laini la mviringo. Kokoto iliyopondwa kwa nyundo inakata vidole. Changarawe ya mtoni inateleza.

Kazi hiyo imefanywa na maji. Yameyabeba mawe, yameyagonganisha, yameyasugua kwenye sakafu ya mto. Upepo husukuma vumbi na mchanga, lakini jiwe la kujaza kiganja unaliacha palepale lilipo. Kwa hiyo popote zinapokutwa changarawe za mviringo zimelundikana na kushikamana, hata kama pamekauka kabisa, anayejua mawe atasema bila kusita kwamba mto ulipita hapo.

Mwezi Septemba 2012 wanasayansi walisema hivyo kuhusu sayari nyingine. Picha zilitoka katika shimo kubwa liitwalo Gale, lililopo kwenye sayari ya Mirihi, jirani yetu anayefuata tukitoka kwenye Jua. Ni shimo lililochimbwa na kimondo. Tangu siku ile limetupatia historia ndefu zaidi ya maji kuliko sehemu nyingine yoyote tuliyoitembelea nje ya Dunia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imesomwa kwa kanuni ambazo kijito chochote cha Matogoro kinaweza kuzifundisha.

Siyo kreta ya Ngorongoro

Mtanzania akisikia neno kreta, mawazo yake yanakwenda Ngorongoro. Ile ni kreta ya volkano. Mlima mkubwa ulimwaga uji wake wa moto, ukabaki na uwazi tumboni, kilele kikadidimia ndani kwa uzito wake wenyewe. Nguvu ilitoka chini.

Gale ilipata nguvu kutoka juu. Kati ya miaka bilioni 3.5 na 3.8 iliyopita, mwamba kutoka angani, ambao huenda ulikuwa na upana wa kilomita kadhaa, uliipiga Mirihi. Vitu kama hivyo husafiri kwa kasi ya kilomita kumi au zaidi kwa sekunde moja. Kwa kasi hiyo mgongano unakuwa mlipuko. Wimbi la mshtuko linapenya ardhini, miamba inavunjika, mingine inayeyuka, mingine inageuka mvuke. Vifusi vingi mno vinarushwa nje na kuangukia pembeni, vikijenga ukingo ulioinuka. Katika shimo kubwa kama Gale, kuta haziwezi kujihimili, zinaporomoka kuelekea ndani. Katikati nako, ardhi iliyogandamizwa inajirudi juu na kuacha kilima.

Upana wa Gale ni kilomita 154. Ukingo wake mmoja ukiwekwa Songea mjini na mwingine ukaelekezwa magharibi, shimo lingemeza Mbinga yote, likaipita Mbamba Bay, na kuishia ndani ya maji ya Ziwa Nyasa. Limekaa mpakani, pale nyanda za juu za kusini mwa Mirihi zinapokutana na tambarare za kaskazini, na sakafu yake iko chini sana. Maji hufuata bonde. Ndiyo maana watafiti wa Marekani walilichagua miongoni mwa mashimo mengi: kama Mirihi iliwahi kuwa na maji, kulikuwa na sababu nzuri ya kuyatafutia hapo.

Jiwe lisilo na shimo, shimo lisilo na jiwe

Kuna swali ambalo wanafunzi huliuliza wanapopelekwa kuona Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe: shimo lake liko wapi? Ni swali zuri, na jibu lake linasaidia kuielewa Gale.

Kimondo cha Mbozi ni bonge la chuma lenye urefu wa takriban mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa kati ya tani 12 na 16. Karibu asilimia 90 yake ni chuma na karibu asilimia 9 ni nikeli. Wenyeji walilijua tangu zamani. Katika maandishi ya kisayansi liliingia mwaka 1930, baada ya mpimaji ardhi W. H. Nott kulitolea taarifa. Limo katika orodha ya vimondo vikubwa zaidi vilivyowahi kupatikana duniani, lakini mtu akizunguka mteremko ule wa mlima Marengi haoni shimo lolote.

Sababu ya kwanza ni hewa. Angahewa ya Dunia ni nene, na kitu cha ukubwa huo hupunguzwa mwendo sana kabla ya kufika chini. Kikitua kwa mwendo mdogo, hakilipuki, na ndiyo maana chenyewe kimebaki kizima. Sababu ya pili ni muda. Ardhi yetu haitulii. Mvua inakwangua, mizizi inapasua, udongo unahama, na kovu dogo linafutika.

Gale ni kinyume chake. Mwamba uliolichimba shimo ulikuwa mkubwa mno kuzuiwa na hewa, na nishati ya mgongano ikauangamiza mwamba wenyewe. Mbozi tuna jiwe bila shimo. Mirihi kuna shimo bila jiwe. Matukio yote mawili yanafuata kanuni moja, na kinachoyatofautisha ni ukubwa na mwendo.

Hata mashimo makubwa ya Dunia hufutika. Mpaka sasa yaliyothibitishwa duniani kote ni takriban 200 tu. Moja liko kwa majirani zetu: Luizi, katika nyanda za juu za Kundelungu, Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Lina upana wa kilomita 17, na lilithibitishwa mwaka 2011 na watafiti wakiongozwa na Ludovic Ferrière. Umbo la mviringo pekee halikutosha. Walitafuta ushahidi ndani ya mawe yenyewe, wakakuta miamba iliyopasuka kwa umbo la pia na chembe za kwatzi zenye mistari myembamba sambamba, ambayo hutokea pale tu jiwe linapopitiwa na mshtuko ambao volkano haina uwezo wa kuutoa. Mirihi haina mabamba ya ardhi yanayosukumana kama ya kwetu, na mvua yake ilikoma zamani mno. Makovu yake yamebaki kwa maelfu.

Changarawe za mto uliokufa

Gari la utafiti Curiosity, lenye uzito wa takriban kilo 900, lilitua ndani ya Gale tarehe 6 Agosti 2012. Habari ya kutua kwake ilifika Duniani kwetu ikiwa yapata saa 2:32 asubuhi, baada ya mawimbi ya redio kusafiri kwa karibu dakika 14. Kabla ya miezi miwili kupita, kamera zake zilionyesha mawe yaliyokaa mithili ya zege lililobomoka: changarawe zilizoshikamanishwa na mchanga uliogeuka mwamba. Nyingine zilikuwa ndogo kama punje za mchanga, nyingine zikifika sentimita 4. Nyingi zilikuwa na mviringo.

Hapo ndipo kanuni ya kijito ilipofanya kazi. Angahewa ya Mirihi ya leo ni nyembamba mno, shinikizo lake halifiki hata asilimia 1 ya letu. Upepo wake hauwezi kubeba changarawe ya sentimita 4, sembuse kuisugua mpaka iwe mviringo. Kwa kupima ukubwa wa mawe na jinsi yalivyolala, watafiti walikadiria kwamba maji yalikuwa na kina kati ya kifundo cha mguu na nyonga ya mtu, na yalikwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Yalitoka kwenye ukingo wa kaskazini na kusambaa sakafuni, kama vijito vinavyotapika mchanga vikifika chini ya mlima.

Mtoto wa Matogoro amewahi kusimama ndani ya maji ya kina hicho na mwendo huo. Ndiyo maana ninaona ni haki yake kuambiwa kwamba mto wa Mirihi ulikuwa wa kiwango anachokijua.

Tope la kijivu

Mto unapoishia ziwani, unapunguza mwendo na kutua mzigo. Changarawe zinatangulia kuzama, mchanga unafuata, na tope jepesi linasafiri mbali zaidi kabla ya kutulia. Mwezi Februari 2013 Curiosity ilifika mahali penye mwamba wa tope lililogandamana, ikatoboa tundu lenye kina cha sentimita 6.4. Ilikuwa mara ya kwanza binadamu kutoboa mwamba wa Mirihi na kuupima ndani.

Unga uliotoka haukuwa mwekundu. Ulikuwa wa kijivu. Wekundu wa Mirihi ni kutu ya chuma iliyopaka vumbi la juu. Ndani ya mwamba chuma kilikuwa bado hakijashika kutu kiasi hicho. Anayechoma tofali Songea anaujua ukweli wa rangi hizi: udongo mbichi wa bondeni unaweza kuwa wa kijivu, ukipata moto na hewa chuma chake kinageuka, tofali linatoka jekundu. Rangi ya jiwe ni taarifa ya kilichokipata chuma chake.

Zaidi ya moja ya tano ya unga ule ilikuwa madini ya udongo wa mfinyanzi, ambayo huundika pale miamba inapokaa na maji muda mrefu. Vipimo vilionyesha kuwa maji hayo hayakuwa na asidi kali wala chumvi nyingi. Palikuwa pia na kaboni, haidrojeni, oksijeni, naitrojeni, fosforasi na salfa, yaani viambato ambavyo uhai tunaoujua unavihitaji. Mwaka 2025 ikatangazwa kwamba jiwe la jirani na hapo lilikuwa na minyororo ya kaboni yenye atomu 10 hadi 12, mikubwa kuliko yoyote iliyokuwa imepatikana Mirihi.

Hakuna kati ya hayo kinachothibitisha kwamba uhai ulikuwapo. Molekuli za aina hiyo zinaweza kuundwa bila kiumbe hai. Kinachothibitishwa ni kwamba ziwa lile lilikuwa mahali ambapo kiumbe kidogo kingeweza kuishi. Ni kauli yenye mipaka, na ina nguvu kwa sababu haijavuka mipaka hiyo.

Mlima uliojengwa kwa tope

Katikati ya Gale umesimama mlima Sharp, wenye kimo cha zaidi ya kilomita 5 kutoka sakafu ya shimo. Kwa kimo kutoka chini hadi kileleni unalingana na Kilimanjaro, lakini asili yake ni tofauti kabisa. Kilimanjaro ilijengwa na volkano. Sharp ni mashapo: tope, mchanga na vumbi, tabaka juu ya tabaka, kama chapati zilizopangwa ndani ya hotipoti. Aliyeanza kupanga aliweka ya chini kwanza. Nicolas Steno wa Denmark aliiandika kanuni hiyo mwaka 1669: matabaka yakiwa hayajapinduliwa, la chini ndilo kongwe. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba mashapo yaliwahi kulijaza shimo kwa kiasi kikubwa zaidi, kisha upepo ukayala pembeni kwa muda mrefu sana na kuacha mlima katikati.

Kwa hiyo kuupanda Sharp ni kusoma historia kutoka mwanzo kuja mbele. Curiosity ilifika chini ya mlima Septemba 2014 na imekuwa ikipanda tangu hapo. Matabaka ya chini ni tope la ziwa, mamia ya mita kwa unene. Ziwa la siku chache haliachi tope la kiasi hicho. Juu yake kuna mgongo wa mwamba wenye hematiti, yaani madini ya chuma, kisha eneo lenye udongo wa mfinyanzi mwingi, kisha, kuanzia yapata mwaka 2022, miamba yenye chumvi za salfa. Chumvi hubaki pale maji yanapokauka.

Mpito huo haukuwa wa mara moja. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha habari za nyufa za pembe sita katika mwamba wa Gale. Tope likikauka mara moja, nyufa zake hukutana kwa umbo la herufi T. Likilowa na kukauka, likalowa tena na kukauka tena, mikutano hiyo hulainika na kuwa Y, na vipande vinakuwa vya pembe sita. Mabwawa yetu ya kiangazi yanafanya hivyo. Mirihi basi ilikuwa na misimu ya mvua na ya ukame, au kitu kinachofanana nayo, iliyojirudia muda mrefu.

Mwaka huohuo ilitangazwa kwamba, katika eneo lililodhaniwa ni la ukavu, Curiosity ilikuta mikunjo midogo iliyoachwa na mawimbi ya maji yenye kina kifupi, mikunjo ambayo mtu huiona mchangani kwenye ufuko wa Mbamba Bay. Ziwa lilikuwa limerudi. Mei 2024 gurudumu la gari lilivunja jiwe, na ndani yake zikaonekana fuwele za njano za salfa tupu, kitu ambacho hakikutarajiwa na bado kinatafutiwa maelezo.

Maji yalikwenda wapi?

Sehemu yalipotelea angani. Mirihi ni ndogo, moyo wake wa chuma ulipoa mapema, na ngao ya sumaku iliyoizunguka ikazimika yapata miaka bilioni 4 iliyopita. Chembechembe zinazotoka kwenye Jua zikaanza kuipeperusha angahewa yake. Hewa ilipopungua, shinikizo lilishuka, na maji ya wazi hayakuweza tena kudumu. Sehemu nyingine ilinaswa ndani ya madini na katika barafu. Aprili 2025 watafiti walieleza kwamba baadhi ya miamba ya Gale ina kabonati ya chuma kati ya asilimia 5 na 10. Maana yake sehemu ya hewa ya ukaa ya zamani, ile iliyoisaidia sayari kubaki na joto, imefungwa ndani ya mawe.

Wapo wanaotumia kukauka kwa Mirihi kama onyo kuhusu misitu yetu. Nadhani tuseme kweli: Mirihi haikukaushwa na shoka wala moto wa mashamba, na Matogoro haitapoteza sumaku yake. Sababu za kuulinda msitu wa Matogoro zinatosha zenyewe. Msitu huo unalinda chanzo cha mto Ruvuma na maji yanayonywewa Songea, na uharibifu wake unaonekana katika muda wa kizazi kimoja. Gale inatufundisha jambo jingine: maji yakiondoka, ardhi inabaki na kumbukumbu yake, na anayejua kuisoma anaweza kuieleza hata baada ya miaka bilioni 3.

Maktaba iliyo jirani

Kumbukumbu ya aina hiyo tunayo mkoani na kwa majirani. Magharibi ya Songea, kuelekea Mbinga, Ludewa na Ziwa Nyasa, kuna bonde la Ruhuhu, lenye mashapo ya mito, madimbwi na maziwa ya zamani sana. Makaa ya mawe ya Ngaka yametokana na mimea iliyozikwa katika vinamasi vya zama hizo, zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Mwaka 1932 G. M. Stockley, mjiolojia wa serikali ya Tanganyika, alichapisha maelezo ya miamba hiyo na kuigawa katika makundi manane, kutoka la chini hadi la juu, kwa kanuni ileile ya Steno. Mwaka uliofuata F. R. Parrington wa Chuo Kikuu cha Cambridge alikusanya mifupa iliyogeuka mawe. Mmoja wa viumbe waliotoka katika makusanyo hayo ni Nyasasaurus parringtoni, wa yapata miaka milioni 243 iliyopita, ambaye huenda ndiye dinosaria mkongwe kuliko wote wanaojulikana, au ndugu yao wa karibu kabisa. Mwaka 2010 alitangazwa mwingine kutoka bonde hilohilo, Asilisaurus kongwe.

Vitu hivyo vimeandikwa katika majarida ya dunia. Mwanafunzi wa sekondari wa Songea anamaliza kidato cha nne bila kuambiwa kwamba bonde linalopakana naye ni miongoni mwa maeneo muhimu duniani kwa historia ya viumbe wa nchi kavu. Anakariri hatua za mto, ujana, utu uzima na uzee, ubaoni, wakati mto wenyewe katika ujana wake unapita mwendo wa miguu kutoka darasani.

Ninaandika hili kwa uchungu kwa sababu gharama siyo kizuizi. Aliyeyasoma mawe ya Gale alitumia gari la mabilioni ya fedha kwa kuwa Mirihi iko mbali, lakini maarifa ya kuyaelewa yalipatikana kwa miguu, daftari na nyundo, kwenye mito ya kawaida. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma vinahitaji vijana waliokwisha kuzoea kutazama jiwe na kuuliza limefikaje hapo. Mazoea hayo hayaanzi chuoni.

Walimu wa Jiografia wa Matogoro wanaweza kuanza muhula ujao. Mradi wanafunzi wasiingie maji yakiwa yamejaa, darasa liokote mawe ishirini juu ya kijito, ishirini katikati na ishirini chini. Kila moja lipimwe kwa rula, likadiriwe mviringo wake, na matokeo yachorwe kwenye jedwali. Baadaye kila kundi litie udongo wa mtoni ndani ya chupa ya maji, litikise, liache mpaka kesho yake, na kuchora matabaka yaliyojipanga. Somo likifika hapo, mwalimu awaonyeshe picha ya changarawe za Gale na awaulize zimefikaje pale. Watajibu wenyewe, na kila jibu litakuwa na kipimo cha kulitetea.